Makande Kutoka Kinywani mwa Nakunda

Same, nyuma ya stesheni
Jumapili, pasi imepoa

Dada yangu Kalunde,

Pokea shikamoo yangu kabla hujakaa, na nyingine ukishakaa, maana najua mguu wako haupendi kusimama. Je, umepoa? Na shemeji, kikohozi kimemwacha au bado anakohoa kwa makusudi akitaka chai? Sisi huku ni wazima, ukiondoa vumbi la Same, ambalo si ugonjwa lakini halina dawa.

Najua shemeji ndiye atakayekusomea. Namwomba asiruke mahali pachafu, ingawa nikisema kweli, barua hii karibu yote ni mahali pachafu. Mle kwanza, mwoshe vyombo, ndipo msome.

Uliniuliza yule mtoto anaendeleaje, na mimi mwenye kinyaa ninaendeleaje naye. Unanijua, dada. Mimi ndiye niliyekataa kula sahani moja na marehemu Baba kwa sababu masharubu yake yaliingia kwenye mchuzi. Ulinichapa wewe kwa ajili hiyo. Nadhani ndiyo sababu nikawa dobi. Lakini Mungu ana mzaha wake: mtu asiyeweza kutazama uchafu, riziki yake ameiweka ndani ya soksi za Wazungu.

Sasa ameuongeza mzaha. Nakunda amejua kutembea, na hakuna kitu cha karaha katika mji huu ambacho hajakifikia. Anaokota mavi ya mbuzi, anayabana shavuni kama maharage, na ukimwambia tema anakutazama kwa huruma, kama wewe ndiye usiyejua utamu. Kamasi anafuta kwenye suruali nilizokwisha kuzipiga pasi, kamwe si kwenye zile zinazongoja kufuliwa. Juzi aliingia kwenye kikapu changu akala buluu ya kufulia. Hakuugua. Ila kesho yake Nakijwa, mke wangu, aliniita nitazame winda la mtoto, nikatazama, na laiti nisingetazama. Nimetia buluu mashuka ya maofisa miaka yote hii, sijapata kuona buluu iliyokolea namna ile. Jirani yetu, mke wa fundi reli, alikuja kuona, akawaita wenzake, wakasimama wamepanga mstari kama wanaongoja treni ya Gavana. Mimi nilikuwa nyuma ya nyumba natapika. Walipomaliza kunicheka, walimsifu mtoto.

Lakini hilo si baya zaidi. Baya zaidi ni kwamba mtoto huyu akimpenda mtu humlisha. Hamlishi kutoka kwenye sahani, la. Anatafuna kwanza, anatafuna mpaka kinakuwa uji wa mate, anakitoa kwa vidole, anakuja mbio, anakusukumia mdomoni na kusema, "Tamu." Ukiziba mdomo, analia kama amefiwa. Nimeapa sitameza tena. Nimemeza. Nakijwa hucheka mpaka anashika ukuta.

Basi sikiliza habari yenyewe sasa.

Zamani nilikuandikia tu kwamba misheni wametupa mtoto, kwa kuwa sisi hatukujaliwa. Sikukueleza kwa nini alikuwa misheni. Huku Upareni, mtoto akianza kuota meno ya juu kabla ya meno ya chini huitwa kigego, na kigego, wasema wazee, ni mkosi kwa ukoo mzima. Zamani hakuachwa aishi. Serikali ya Mwingereza imekataza, na wahubiri wamehubiri, kwa hiyo siku hizi hauawi. Anaachwa mlangoni pa misheni alfajiri, halafu watu wanakwenda kuoga na kuvaa nguo za kanisani. Nakunda aliachwa hivyo. Meno yake ya juu mawili ndiyo yaliyotangulia, na leo anayo kinywa kizima, ukitaka kuhakikisha mpe kidole.

Mke wangu ni wa Mhezi, huko juu. Tangu tumchukue mtoto huyu hajapanda kwao. Wamemwambia aje peke yake au asije. Upepo ukitoka mlimani namwona anaacha kazi na kugeuka upande ule. Basi mwezi uliopita mama yake mwenyewe akashuka, kwa miguu, kuja kumwambia bintiye achague: mtoto arudishwe misheni, au Mhezi waisahau nyumba yetu.

Dada, unajua adabu ya mkwe. Hapa ni kama kwetu, na labda zaidi. Mama mkwe hanitazami, hasemi nami. Nikiwa nimesimama pale pale anamwambia Nakijwa, "Mwambie mumeo moshi wa pasi yake unanichoma macho." Nami namwambia Nakijwa, "Mwambie mama samahani." Nakijwa yuko katikati kama karani wa mahakama.

Alikuja na chungu chake, bakuli lake na mkeka wake. Hakuingia ndani. Alikaa barazani, na kila Nakunda alipomkaribia aliinua mguu mmoja kumzuia, mguu wenye nyufa kama shamba la kiangazi, huku anavuta ugoro na kutema pembeni mwa kamba yangu ya nguo. Nilikuwa nahesabu mashati ya Bwana Shauri, ofisa wa Serikali, kwa hofu.

"Nakijwa," alisema siku ile ya pili, "mtoto wa watu atakuua."

"Mama, meno tu hayo. Hata wewe ulikuwa nayo."

"Yangu yalijua pa kuanzia."

Mchana ule jua lilikuwa kali, na yeye alikuwa amechoka. Akalala pale pale barazani, kinywa wazi, anakoroma. Mimi nilikuwa nakunja shuka. Nikamwona Nakunda anatoka ndani na makande mkononi. Makande, dada, ni mahindi na maharage yaliyopikwa pamoja, chakula chao cha kila siku. Anatafuna, anatafuna. Nikajua. Nikafungua kinywa nipige kelele, lakini nipige vipi? Niseme, "Mama mkwe, amka"? Sijawahi kumtamkia neno. Nikaita, "Nakijwa! Nakijwa!" Nakijwa alikuwa bombani.

Nakunda akamtia kinywani. Tena akasukuma kwa kidole ili kifike.

Mama mkwe akagutuka, akameza. Kwanza alilamba midomo, kama mtu anayekumbuka kitu. Halafu akamwona mtoto amesimama mbele yake.

"Tamu," akasema Nakunda, akafungua kinywa kumwonyesha kilichobaki.

Nilidhani atamrukia. Wala. Nakijwa akafika na debe kichwani, na mama akamwambia kwa sauti ya kawaida kabisa, "Weka debe chini. Mimi nimekufa."

Kumbe kwao aliyekula kilichotoka kinywani mwa kigego huhesabiwa amekwisha kufa, ni siku tu haijafika. Wala hapandi kwake, asije akawapelekea wajukuu kifo. Atafia hapo hapo. Hapo hapo ndiyo kwangu, dada! Mama mkwe afie kwa mkwewe! Nilimwambia Nakijwa amwambie mama kwamba hiyo ni aibu yangu kubwa. Akajibu, "Mwambie mumeo na kwangu pia ni aibu, lakini si mimi niliyefuga."

Basi akangoja kifo. Na kwa kuwa maiti hana cha kuogopa, aliingia ndani, akachukua chumba. Mimi nikahamia kwenye meza ya kupigia pasi. Bakuli lake aliligawa. Alitueleza afunikwe kanga ipi. Alikula vizuri sana kwa mtu wa hali yake. Asubuhi anaamka, anajishika kifua, anasema, "Bado," halafu anaomba uji.

Mtoto naye akadhani amepata rafiki. Na kweli hakuna tena aliyeinua mguu. Nilichokiona ndani ya nyumba yangu, mimi mwanamume msafi, sitakisahau mpaka kaburini. Walikula bakuli moja. Walitafuniana. Bibi hana magego, kwa hiyo ikawa kigego ndiye anayemtafunia nyama, naye bibi anapokea mkononi, anasema, "Bado ngumu, rudia," na Nakunda anarudia. Mimi nilikuwa nageukia ukutani. Kisha akamfundisha kutema. Wote wawili wanakaa mlangoni, huyu anatema ugoro, huyu anatema mate matupu, wanashindana umbali. Shati moja la Bwana Shauri lilipata alama ya kahawia mgongoni, nikalisugua mpaka vidole vikachubuka, na bado alilivaa hivyo hivyo barazani mbele ya majumbe. Nashukuru mgongo wa mtu hauonekani na mwenyewe.

Siku zikapita, hafi. Siku moja Nakijwa hayupo, uji ulikuwa haujaiva vizuri, na hapakuwa na wa kumtuma. Mama mkwe akahangaika. Mwisho akamgeukia mtoto, akasema, "Nakunda, mwambie baba yako uji una mabuje ya unga."

Baba yako. Nilikoroga uji ule upya kama unapelekwa ikulu.

Habari zilikuwa zimefika Mhezi, na Jumatano iliyopita akaja Eliakimu, kaka yake Nakijwa, kumchukua mama. Yeye ni mzee wa kanisa huko kwao, ana koti, ana bakora yenye pete ya shaba. Tulimwekea kiti. Alikikung'uta. Alipomwona Nakunda sakafuni akainua miguu yote miwili, koti na heshima zake zote, akakaa kama kuku juu ya mti.

"Mama," akasema, "wamekwisha kukaa wazee. Umekaa siku hizi zote na u mzima, basi kumbe hukula. Ulikuwa unaota. Twende nyumbani. Dada naye aje, ila hicho kibaki."

"Nilikula," akasema mama.

"Useme hukula, Mama. Mimi nitaapa kwa niaba yako."

Nakijwa alikuwa amesimama mlangoni, kanga ameifumbata. Nilijua kinachopita moyoni mwake. Neno moja tu la uongo kutoka kwa mama, naye anaona kwao tena. Bei yake ni mtoto. Hakunitazama. Mkwe hana sauti katika jambo la damu yao.

Wakati huo Nakunda, ambaye haelewi vikao, alikuwa anatafuna. Akamwendea Eliakimu. Labda aliona ana njaa. Akanyoosha mkono na tonge lake la makande, linachuruzika mate, akasema, "Tamu."

Eliakimu akampiga mkono kwa bakora. Si kwa nguvu sana. Kama mtu anavyomwondoa mbwa kwenye sahani. Tonge likaanguka mavumbini. Halafu akaifuta ncha ya bakora kwenye mkeka wetu.

Nimefua damu ya machinjioni, nimefua mashuka ya wagonjwa wa kuhara, dada, lakini sijapata kuona kichefuchefu kama kile cha kumwona mtu mzima anaifuta bakora ile.

Nakunda hakulia. Alishangaa tu, anatazama mkono wake.

Mama mkwe akainuka. Polepole, magoti yanalia. Akainama, akaliokota tonge, akalipuliza vumbi, halikutoka lote. Akalitia kinywani. Alilitafuna kwa fizi zake bila haraka, anamtazama mwanawe usoni, mchanga unalia kinywani, sote tunausikia. Akameza.

"Haya," akasema. "Leo sikuwa nimelala. Nenda kawaambie."

"Mama, ukibaki, nami siwezi kukujia tena."

"Mimi nilikutafunia mpaka ulipoota meno yako. Ulikuwa na kuhara, na nilikutafunia. Nenda, mwanangu, jua litakukuta njiani."

Akaenda. Mama alikaa mlangoni, akamsindikiza kwa macho mpaka kona ya njia ya mlimani, na akaendelea kutazama wakati hakuna kitu. Ana shamba huko juu, ana mgomba aliopanda kwa mkono wake, ana wajukuu wengine wanne. Nakijwa akaenda akakaa karibu yake. Walipokezana kikopo cha ugoro, na hivyo ndivyo nilivyojua kwamba mke wangu pia anavuta. Nimeoa miaka yote hii! Hakuna msafi hata mmoja katika nyumba hii.

Ndiyo hali yetu. Mtoto anabaki. Na mama mkwe anabaki, mpaka Mhezi watakapobadili mawazo au Mungu atakapoamua. Mimi nalala juu ya meza ya pasi, na naomba ushauri wako: mwanamume anaishije na mkwewe katika vyumba viwili bila kukutana naye akienda choo? Shemeji asicheke. Naandika kwa uchungu.

Msalimie shemeji na kikohozi chake. Msalimie mama mdogo, mwambie ule mkufu alioniomba haupatikani Same. Wasalimie watoto wako wote, na yule mkubwa umwambie ushauri wa mjomba: aoe mbali na milima. Msalimie jirani yetu wa zamani, mpika pombe, kama bado anaona. Nakijwa anakushika miguu.

Nilitaka kufunga hapa, lakini mama mkwe amesikia kalamu. Amemwita mtoto, na nimesikia ukutani kila neno: "Nakunda, mwambie baba yako amwandikie shangazi yako kwamba bibi anamsalimu, na bado sijafa."

Ndimi mdogo wako,
Masanja, dobi