Hataitwa Karanja

Baba,

Kaka Njoroge amepata mtoto wa kiume. Najua kama ungekuwa hai ungefunga kinu chako cha kusaga mapema, ukapitia kwa muuza pombe, ukaja nyumbani ukiimba, na kabla chakula hakijaiva ungekuwa umeshampiga mtu. Kwa hivyo nimekaa hapa kwenye kigoda chako kando ya mashine, nikupe habari ukiwa mahali ambapo huwezi kuinua mkono.

Mtoto ni mzima. Ana masikio yako. Hayo hatukuweza kuyazuia.

Tangu ufe, kinu kinaendeshwa na Njoroge. Ulikufa mvua za kupanda zikianza, presha ikakuangusha hapa hapa karibu na gunia la pumba, na mashine ikaendelea kusaga hewa. Mwanamke mmoja aliyekuwa kwenye foleni alipiga kelele kwamba mahindi yake yanachelewa, mpaka Mama akaja kuona kuna nini. Mazishini walisema ulikuwa mkali lakini mchapakazi. Mchungaji akasema umepumzika. Sisi ndio tuliopumzika, Baba, na ningewaambia hivyo, ila nilikuwa nalia. Nililia mpaka nikashikwa na kwikwi. Njoroge hakutoa hata chozi. Alinitazama akaniambia, "Lia tu. Wewe ulikuwa mama yake."

Alisema kweli, na wewe unajua. Kwetu mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la baba ya babake, na msichana wa kwanza jina la mama ya babake. Tena si jina tu, ni mtu mzima mzima anarudi. Ndiyo maana hapa Munyaka utamsikia bibi kizee akimwita mjukuu mchanga "mume wangu", na watu wanacheka na kumimina chai. Njoroge alipewa jina la guka, baba yako. Mimi nikapewa la shosho, mama yako, Wanjiru. Kwa majirani huo ni utani. Kwetu haukuwa utani hata kidogo.

Wewe mwenyewe ndiye uliyenisimulia jinsi guka alivyomvunja shosho mkono kwa ukuni, wewe ukiwa mtoto, umejificha nyuma ya pipa la maji. Hukuweza kufanya kitu. Basi ulingoja. Ulingoja ukakua, ukaoa, ukajizalia Njoroge wako mwenyewe, mdogo, wa kubebeka kwa mkono mmoja.

Unaukumbuka ule mkanda wa kinu? Ulipochakaa ukakatika hukuutupa. Uliuning'iniza kwenye msumari nyuma ya mlango wa jikoni. Ukimpiga nao Njoroge hukumwita kwa jina, ulimwita Mzee. "Mzee, leo utanijua. Mzee, ulidhani sitakua?" Huyo mzee alikuwa bado ana meno ya utoto. Alikuwa anakuomba msamaha kwa mambo ambayo guka alifanya kabla yeye hajazaliwa, kwa sababu aligundua kwamba akikubali makosa unachoka upesi.

Halafu ulikuja kwangu. Uliketi chini, mwanamume mzima mwenye unga hadi kwenye kope, ukalaza kichwa mapajani mwangu na kusema, "Mami, nimekulipizia kisasi." Nami nilikupangusa unga nywelani kwa sababu sikujua watoto wengine hufanya nini. Ng'ambo ya ukuta Njoroge alikuwa anavuta kamasi polepole ili usimsikie.

Mimi hukunigusa. Hata siku moja. Ungewezaje kumpiga mama yako? Mama alilijua hilo akalitumia. Akisikia lango linagongwa namna ile yako, ananivuta na kunikalisha mapajani pake, hata nilipokuwa msichana mkubwa na miguu yangu inaburuta sakafuni. Mimi ndiye nilikuwa ukuta wake. Siku uliyompasua sikio la kushoto nilikuwa nimetumwa dukani kununua chumvi.

Na sitasema kwamba hukuwahi kuwa mzuri, ingawa ingekuwa rahisi zaidi kwangu. Ulinifundisha kuweka kiganja chini ya mdomo wa kinu unga unapotoka, ungali na joto. "Sikia hiyo joto, Mami," ulikuwa unaniambia, unapaza sauti kuishinda mashine, na ulikuwa unacheka. Nilikupenda. Nimeandika hivyo na ninasaga meno. Wewe ndiye uliyenifanya niwe mtu ambaye kaka yake hawezi kumtazama machoni akiwa na uchungu.

Njoroge alikimbilia Kesses, ukasherehekea kama umefukuza mwizi. Alifanya kazi kwenye duka dogo karibu na vyumba vya wanafunzi, akakutana na Chebet, wakaanza maisha. Alikuja kukuzika, kisha akarudi kabisa, Chebet akiwa na tumbo kubwa. Kitu cha kwanza alichofanya siku ya kuhamia, kabla hata ya kunywa chai, ni kuuondoa ule mkanda kwenye msumari. Hakuna aliyekuwa ameugusa tangu tukuzike. Moyo wangu ulifurahi, nikajua anaenda kuuchoma. Kumbe aliupeleka chumbani kwake. Nilipomuuliza ni wa nini akanijibu, "Ni wa familia."

Ndipo nikaanza kuogopa, Baba. Kwa sababu sasa hesabu ilikuwa wazi hata kwa mjinga. Mtoto wa kwanza wa kiume wa Njoroge ni nani? Ni wewe. Ni Karanja. Angerudi kwenye nyumba hii akiwa mchanga, hana nguvu, mikononi mwa mtu aliyechapwa kwa jina hilo utoto wake wote.

Mvulana alizaliwa mvua ikinyesha mpaka barabara yetu ikawa tope tupu. Mama alivaa nguo yake ya kanisani kwenda kumwona. Aliporudi alikuwa anang'aa uso mzima. "Mzee wangu amerudi," alisema. Nilimvuta kando, upande wa sikio linalosikia, nikamwuliza kama ana akili timamu. Alinijibu kwa upole, na jibu lake bado linaniumiza. "Wanjiru, nataka nimshike akiwa mdogo, kabla hajaharibika. Mara hii nitamlea mwenyewe." Miaka yote ile, Mama alikuwa bado anatafuta mahali ulipoharibikia, ili akurekebishe. Angeanza na wewe ukiwa kwenye nepi.

Nikamwendea Njoroge. Nilimkuta hapa kinuni anasafisha chekecheke. Nikamwomba mtoto aitwe jina lingine, lolote lile. Hakuinua uso. "Wacha aitwe Karanja," alisema. "Mimi nimemngoja." Kisha akacheka, na kicheko hicho nakijua, maana kilikuwa chako. Siku hiyo hiyo mtoto alilia kidogo chumbani, nikamsikia Njoroge akimwambia taratibu, karibu kwa upendo, "Nyamaza, Mzee. Bado hujaona kitu."

Nilikuchukia siku hiyo kuliko siku zote ulizokuwa hai. Ulikuwa umelala kaburini na bado unampiga.

Chebet si wa watu wetu, na ni mtu wa maneno machache. Nilimsaidia kuosha mtoto, nikamwuliza yeye anataka mwanawe aitwe nani. "Kwetu mtoto huitwa vile alikuja," alisema. "Huyu alikuja na mvua. Ni Kiprop." Lakini kabla ya kulitamka alitazama mlango. Nikajua tayari ameanza kutazama milango, kama sisi.

Basi Jumamosi akaja dada yako, Auntie Wambui, na wanawake wa kanisa, na sufuria kubwa ya njahi, yale maharagwe meusi ya kumrudishia mzazi nguvu. Walikuja kumpa mtoto jina. Auntie ananiita Mami naye, si mimi ni mama yake pia? Aliketi, akapanga leso, akanigeukia. "Mami, nasikia kuna maneno kwa hii nyumba. Ongea na Njoroge na mkewe. Jina likirukwa, ndugu yangu amekufa kabisa."

"Kufa kabisa ndiyo tunataka," nikasema.

Wanawake wa kanisa walianza ghafla kusifu chapati. Auntie akasema kwa sauti ya chini kwamba wewe uliumia sana utotoni, kwamba sisi hatujui. Tunajua, Baba. Hakuna watoto Eldoret nzima wanaojua utoto wa baba yao kuliko sisi. Njoroge anaweza kuvua shati akuonyeshe.

Hakuna aliyenisikiliza. Auntie akamchukua mtoto kutoka kwa Chebet, akamfunga vizuri kwenye shali, akamweka mikononi mwa Mama, maana Mama ndiye aliyestahili kumpokea. Njoroge alikuwa amesimama mlangoni amekunja mikono. Hakuwa na haraka. Mama akamwinamia mtoto, machozi yanamtoka kwa furaha, akasema, "Karibu nyumbani, Karanja. Karibu, mume wangu."

Unajua watoto wachanga, mikono yao haina mwenyewe. Mmoja ulichomoka kwenye shali ukarushwa juu, kingumi kidogo, ukamgusa Mama shavu la kushoto.

Mama aliinama chini. Kiwiko kikapanda juu kulikinga lile sikio, macho akayafumba, na maneno yakamtoka yote kwa mpigo, yale yale, kwa sauti ile ile ya jikoni: "Nisamehe Baba Njoroge, sitarudia, nisamehe, watoto wanaona." Mtoto alikuwa anateleza mapajani. Chebet ndiye aliyeruka akamdaka.

Mwanamke mmoja wa kanisa alikuwa ameshika kijiko hewani. Auntie Wambui alijaribu kucheka, kicheko kikamkwama, na nikamwona akilitazama sikio la Mama, nadhani kwa mara ya kwanza tangu umpasue. Mama alifumbua macho, akaangalia mapaja yake matupu, akaangalia watu, na aibu aliyokuwa nayo, Baba, ni wewe uliyestahili kuibeba. Alikuwa amemwomba msamaha mtoto asiyejua hata kuinua shingo.

Nilimtazama Njoroge. Uso wake ulikuwa umekuwa wa yule mvulana wa ng'ambo ya ukuta. Nilidhani atatoka nje. Badala yake alikuja mpaka katikati ya chumba akamchukua mtoto kwa Chebet, na mimi nikasimama, sitakuficha, nilisimama nikiwa tayari kumnyang'anya. Alimwangalia kwa muda mrefu. Mtoto akapiga miayo.

"Huyu si yeye," Njoroge akasema. Akarudia kana kwamba anajiambia mwenyewe. "Mama, huyu si yeye. Huyu anaitwa Kiprop."

Kisha akalia. Alilia machozi ya mazishi yako, na mengine ya zamani, mpaka kamasi zikamdondokea mtoto, na safari hii hakuzivuta polepole. Auntie Wambui alibeba kibeti chake akaenda bila kuaga. Njahi tulizila sisi, siku mbili.

Usidhani tumepona. Mama hamshiki Kiprop kwa mkono wa kushoto. Njoroge bado ana sauti yako akikasirika, na akiisikia anatoka nje kwenda kusimama kando ya tangi la maji mpaka ipite. Siku nyingine inachukua muda. Chebet bado anatazama mlango, na simlaumu. Ule mkanda Njoroge aliukatakata kwa panga akatengenezea bawaba za mlango wa banda la kuku. Ni mpira mzuri, umeshika sawasawa. Kila asubuhi naufungua mlango huo na kuku wanatoka.

Lakini jambo lililonifanya nikuandikie ni lingine. Auntie Wambui amenipigia simu. Hakunitukana, aliongea kwa upole kabisa. Amenikumbusha kwamba bado nipo mimi. Nikiolewa kwenye watu wetu, mwanangu wa pili wa kiume atapaswa kupewa jina la babangu. "Mami," aliniambia, "wewe alikupenda. Wewe hutamfungia mlango." Nilikata simu nikaja hapa nikashika kalamu, kwa sababu ni kweli, na kwa sababu kwa dakika nzima nilikuona mdogo, umelala mapajani mwangu tena, na sikukuogopa. Nilitaka kukupangusa unga.

Kwa hivyo hili ni la kukuaga, na nitasema mara moja. Wengine wote uliwapiga. Hao kukukataa ni rahisi. Mimi ambaye hukunigusa ndiye mlango wa mwisho uliobaki, na nakuahidi, Baba, nikizaa wana kumi hakuna hata mmoja atakayekuja akiwa wewe. Nitawaambia ulivyokuwa. Nitawaambia pia kuhusu joto la unga. Lakini hakuna mtoto atakayeitikia nikiita jina lako.

Uliniita mama yako maisha yangu yote, nikiwa sijui hata kufunga viatu. Sasa nitii kama mama.

Karanja, mwanangu. Lala. Usirudi.

Wanjiru