Karatasi Ndani ya Buti

New York, 27 Julai

Mama mpendwa,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Mama Mkubwa Verlene ameniambia umeanza tena kwenda dukani kwa miguu, nikafurahi, ingawa najua hukungoja ruhusa ya daktari. Mimi ni mzima. Ningeweza kukupigia simu, lakini kwenye simu ungenikatiza, na hili nataka ulisome mpaka mwisho.

Kwanza habari za kampuni. Mama, sijawahi kuona mahali kama hapa. Tuko wanafunzi wa sheria thelathini tuliochukuliwa na mawakili hawa kwa kiangazi. Ofisi yangu iko ghorofa ya arobaini na moja, na asubuhi kukiwa na ukungu barabara siioni kabisa. Kila mchana kuna wakili wa kutupeleka kula. Siku ya kwanza nilihangaika kutafuta chakula cha bei nafuu kwenye menyu, mwenzangu Thaddeus akaniuliza eti dada wa Rochester nimekuja kufanya kazi au kufunga. Tunacheka sana, ila kila mmoja anajua kuwa mwezi wa nane tutaambiwa nani atapewa kazi na nani ataagwa kwa asante.

Anayenisimamia ni Bi. Lindqvist, mama mtu mzima mwenye sauti ya chini, anayesoma mikataba kwa kuweka rula chini ya kila mstari. Namwogopa, na nampenda. Kampuni hutetea pia watu wasio na uwezo bila malipo, basi akanipa kesi ya Bi. Ofelia Quiñones wa Bronx. Mwenye nyumba alimshtaki ili amhamishe, na alishapewa ushindi kwa sababu Bi. Ofelia hakufika siku ya kesi, na hakufika kwa kuwa hakujua. Samansi ya mahakama alipewa binti yake wa miaka saba pale mlangoni, mtoto akaificha kwenye mkoba wa shule. Bi. Ofelia alituambia amemgombeza mtoto huyo mpaka amechoka mwenyewe. Nilikuwa naandika maelezo yake, nikaweka kalamu chini.

Bi. Lindqvist alinituma nikachunguze kama samansi ikiishia mkononi mwa mtoto inahesabiwa kuwa imefika. Nilizama siku tatu kwenye hukumu za zamani. Nilichokuta kilinishangaza hata nikasahau kula. Majaji wazima, wengine walikufa kabla sijazaliwa, walikuwa wameketi na kujiuliza mtoto anaelewa nini anapopewa karatasi na mgeni. Walisema lazima mpokeaji awe na umri na akili ya kutosha. Mimi nilidhani sheria ni ya watu wa majengo kama haya. Kumbe mle ndani alikuwa amewekewa nafasi mtoto aliyesimama mlangoni na soksi tu miguuni.

Jumatano jaji aliifuta ile hukumu. Bi. Ofelia alikaa kwenye benchi la nje akalia. Bi. Lindqvist aliniuliza nimewezaje kuandika vile juu ya hofu ya mtoto, nikamjibu nilibuni tu.

Sikubuni, Mama. Miaka kumi na sita umekuwa ukiapa kwamba mtu wa Bwana Kimmel, mwenye nyumba wetu wa zamani, alidanganya, kwamba hakuleta samansi yoyote, na ndivyo tulivyopoteza nyumba yetu bila hata kusikilizwa. Alileta. Ulikuwa umelala baada ya zamu, nikafungua mimi. Nilikuwa na miaka minane. Nilisoma kwamba tutahamishwa, nikaogopa kukuamsha, nikazisokomeza zile karatasi ndani ya buti zangu za theluji. Niliamini usipoziona halitatokea. Unakumbuka baridi yetu ya kwanza baada ya kuhamia Rochester, nilivyokataa kuvaa buti nikaenda shule na raba kwenye theluji, ukaniita jeuri? Karatasi zilikuwa bado ndani.

Sasa najua yule mtu hakupaswa kunipa mimi. Najua pia kwamba kesi yako ingeweza kusikilizwa upya, kama ningefungua mdomo. Hilo ndilo linaloniuma. Nisamehe, Mama.

Jumamosi ijayo nitakuja kwa basi la asubuhi. Ufunguo ninao, lakini nitagonga. Nakuomba ufungue wewe mwenyewe.

Msalimie Mama Mkubwa, na umwambie jamu yake ya pichi imekwisha siku nyingi.

Mwanao,
Corliss