Kibakuli Kilichojaa Pomoni

Mpendwa Mama Gulrukhsor wa safu ya ushauri, naomba msaada wako, na unisamehe kama barua hii itakwenda mbio bila kupumua, kwa sababu nikisimama katikati nitaichana.

Nina miaka ishirini na sita, nafundisha kemia katika shule moja hapa Khujand, na tangu mwaka jana nasomea unasihi jioni, kwa mshahara wa mwalimu ambao wewe unaujua, ndiyo maana naenda kwa miguu na chakula cha mchana nimekiacha, nakunywa chai na kipande cha mkate huku nasahihisha madaftari, na sasa muhula wa pili unakaribia na ada sina. Kitu pekee cha thamani nilicho nacho ni mifarishi ya arusi yangu, ya pamba, ya kutandika, ambayo mama anaishona tangu nikiwa mtoto, imepangwa juu ya sanduku hadi karibu na dari, na mchumba mwenyewe hayupo. Nilipomwomba tuiuze alicheka kwanza, kisha hakucheka.

“Uuze mifarishi ya arusi ukajifunze kusikiliza shida za watu?” alisema. “Mbona shida za watu zinatufikia hapa mlangoni bure, binti yangu!”

Ni kweli zinafika. Jirani yetu Zebo, ambaye mumewe yuko Urusi kwenye kazi za ujenzi, huja kuazima hamira hata siku ambazo haoki mkate, na wiki iliyopita nikamwambia akae, nikaandaa chai, nikajiambia leo ndiyo leo, nikakumbuka yote niliyofundishwa, usimkatize, mtazame, usikimbilie kumjibu, naye akaanza kusema, “Dada, tangu theluji iyeyuke hajanipigia, na mimi nikisikia simu ya mtu mwingine inalia, huwa...” nami huku namtazama machoni na huku nammiminia chai kwenye kibakuli chake, mkono sikuuangalia, kikajaa pomoni.

Akakitazama. Kwetu mgeni humiminiwa kidogo ili arudishe kibakuli aongezewe tena na tena, na aliyejaziwa ameambiwa anywe aende zake. Akasimama, akanywa, akasema, “Ahsante dada, nisikuchoshe,” akaondoka hata hamira hakuchukua.

“Hongera, mshauri,” mama akasema kutoka jikoni, “mteja wako wa kwanza umeshamfukuza!”

Tangu hapo Zebo hunisalimia kutoka ng'ambo ya mtaro na kuharakisha, nami nimebaki na ile sentensi aliyoikatiza, naibeba darasani, naibeba njiani, natamani kuisikia mwisho wake kuliko ninavyotamani arusi. Marehemu baba alikuwa akitupigia kutoka huko huko Urusi, tukipokezana simu, kila mmoja akisema sisi wazima, kuna baridi, unga upo, na zamu yangu ikifika maneno yalinijaa hadi kooni, lakini nilisema sisi wazima, nikampa kaka simu. Hakuna aliyewahi kuuliza swali la pili, si kwetu, si kwake. Mimi natamani kuwa mtu wa swali la pili. Je, niiuze mifarishi mama akiwa kwa dada yake, au niamini kwamba kibakuli kimeshanijibu, niache?

Mwalimu wa Kemia, Khujand

*

Mwanangu Mwalimu,

Usiuze hata mmoja. Mama yako akirudi akaukuta ukuta mtupu, utatumia maisha yako yote kujaribu kumnasihi yeye peke yake, na hatakubali.

Sasa nikugombeze kidogo. Unadhani siku ile ulikuwa unamsikiliza Zebo? Ulikuwa unajitazama unavyosikiliza. Mtu aliyekuwa na mgeni wake kweli angejua kibakuli kiko wapi. Lakini kujaza kibakuli si ushahidi kwamba kazi hii si yako. Anayekosea na kusahau simwonei huruma. Wewe umebaki na sentensi ya jirani yako wiki nzima, na hilo halifundishwi jioni wala asubuhi.

Kuhusu ada, mwone mkuu wa mafunzo, omba ulipe kwa awamu. Akikataa, ahirisha muhula mmoja, hutakufa. Na chakula cha mchana ule! Ukiwa na njaa humsikilizi mtu, unasubiri amalize. Kisha mwombe mama yako akufundishe kushona, mshone mifarishi mingine ya kuuza, nayo iingie kwenye ada. Ile ya juu ya sanduku iacheni ilipo. Atanung'unika, atakufumulia mishono yako ya kwanza, halafu atawaita majirani wasaidie, maana hakuna mwanamke wa Khujand anayeshona mfarishi peke yake. Wanawake wakiwa wameinamia sindano, hakuna anayemtazama mwenzake machoni, na hapo ndipo mambo husemwa. Miaka yote hiyo mama yako alipokuwa akikushonea, bila shaka ulikuwa upande wa pili wa ukuta na vitabu vyako. Keti naye. Muulize na yeye zile simu za baba yako zilimwacha vipi.

Lakini Zebo asingoje mifarishi. Leo ukitoka shule nenda kwake, ukaazime hamira. Usimwombe radhi kwa hotuba, wala usimkumbushe alipoishia. Sema tu, “Siku ile mkono wangu ulipotea, dada.” Akikujazia kibakuli, kunywa, shukuru, urudi kesho. Akikumiminia kidogo, kaa.

Na chai ikiisha, mrudishie kibakuli.