Fimbo ya Kumi na Tano

Ureno, Ulaya
9 Septemba 1994

Kwako dada Syokimau,

Kabla hujasoma zaidi, keti, na umwite Mwaitu, mama yetu, naye aketi karibu, maana barua hii imeandikwa na mtu mwenye bahati kuliko wote waliowahi kuzaliwa katika ukoo wa Kivuva. Mimi ni mzima, nakula hadi mshipi unalalamika. Nanyi je? Goti la Mwaitu limekubali kukunjika? Na yule fahali wetu bado anamkimbiza katekista?

Barua yako ya mwezi uliopita niliipata, klabu walinitumia huku ng'ambo. Nimeisoma mara nyingi, hasa pale unaposema wazee wa kina Muli wametuma ujumbe mara ya tatu kuuliza mwana wa kwanza wa marehemu baba atarudi lini, awapokee mbuzi wa ntheo, mdogo wetu Kanyiva ahesabike mke wa mtu. Unasema wamechoka kungoja. Mwisho wao ni Jumamosi tarehe ishirini na nne. Ikipita, mbuzi watapelekwa kwa nyumba nyingine. Hilo nitalijibu. Kwanza nikupe habari za huku, najua kanisa zima linangoja.

Viwanja vya gofu tulivyotembelea ni vitatu. Cha kwanza ni kipya, kimefunguliwa mwaka huu, juu ya jabali linalotazama bahari. Unasimama jabali hili, shimo liko jabali lile, katikati ni maji yanayonguruma. Ukipiga vibaya, mpira wanapewa samaki. Cha pili ni cha tangu babu zao, lakini wamekifufua. Wamekichuna nyasi zote kama mnavyochuna mbuzi, wakalaza mabomba chini, wakapanda majani laini hata unaona aibu kuyakanyaga na kiatu. Ukisikia tajiri yeyote anatafuta pa kwenda likizo ya gofu, mwambie aanze hapo, na aseme ametumwa na Wambua. Cha tatu kiko Uhispania, kwenye nchi kavu yenye vumbi jekundu kama la kwetu, na katikati ya vumbi wanarusha maji mchana kutwa mpaka pamekuwa kijani. Dada, nilipowaza maji yale yakiangukia nyasi ambazo hakuna ng'ombe atakayezila, nilimkumbuka Mwaitu na mtungi wake mgongoni.

Na kitu kingine kinanisumbua. Viwanja hivi vipya havina kedi, mbeba begi kama mimi. Begi la fimbo linapanda kigari cha betri, mchezaji anaketi kando yake kama bwana harusi, wanaondoka. Hakuna wa kumwambia kwamba hapa mpira utakimbilia upande wa mto hata kama macho yanasema vingine. Mimi niliyebeba begi miaka kumi na moja, na darasa langu la sita, ningesimama wapi?

Lakini Mwaitu aliuliza nilivyoipata safari yenyewe. Wacha nieleze.

Unamjua Mzee Navnit, yule daktari wa meno wa Lavington ninayembebea begi. Mkewe, Mama Vidya, alifariki Januari. Ni yule aliyekuwa akinipa chai ya tangawizi na chapati mbili kila nikipeleka begi nyumbani kwao, na ya tatu ya kubeba. Zamani alimnunulia mumewe fimbo fupi ya kusukumia mpira shimoni. Tangu mama afariki, mzee hakuigusa tena. Ilisimama tu kwenye kabati lake klabuni, na yeye akawa anatumia nyingine.

Mwezi wa sita kukawa na mashindano makubwa, na zawadi ilikuwa safari hiyo ya viwanja vitatu, mshindi pamoja na kedi wake. Mimi naujua mkono wa mzee, kwa hivyo sikungoja. Wiki moja kabla ya mchezo niliwaandikia kwamba nakwenda Ulaya. Wewe ukamwambia Mwaitu, Mwaitu akaliambia kanisa, mkaniombea ndege isianguke.

Asubuhi ya mchezo nilifuta fimbo zote na kuzihesabu, kumi na nne. Sheria ya gofu haikubali zaidi, na kila kedi anaijua kama jina la mama yake. Kisha nikaiona ile ya Mama Vidya kabatini. Nikawaza, mzee akiishika leo atajua mama yuko naye. Nikaichomeka begini, nyuma ya mwavuli. Kwamba nitoe nyingine mahali pake, hilo halikunijia hata kidogo.

Tulicheza, dada. Kufika shimo la kumi na nane tulikuwa tumemwacha mpinzani wetu Bwana Rajinder kwa mipigo mitatu. Haron, kedi wake, alinitania njia nzima, eti nikipanda ndege nisiitishe ugali, na nisimwambie rubani anishukishe stage ya matatu. Nikamjibu kwamba nitamletea barafu kwenye soksi. Kwenye grini ya mwisho, yale majani mafupi yenye shimo, mzee akanyoosha mkono begini, akashika fimbo ya mkewe. Akaitoa, akaitazama. Halafu akazihesabu zote kwa kidole. Kumi na tano.

Hakuna mwingine aliyeona. Rajinder alikuwa ameinama anafunga kamba za kiatu. Nilimnong'oneza mzee kwamba niifiche ndani ya koti langu, nani atajua. Alinitazama bila hasira, akasema yeye atajua. Akamwita Rajinder kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeomba kiberiti, akamwambia waandike adhabu. Rajinder mwenyewe alimsihi, akasema bhai, ndugu yangu, tumalize twende chai. Mzee akakataa. Adhabu ni mipigo minne. Tukashindwa kwa mmoja.

Fimbo ile aliibeba mwenyewe hadi garini. Aliponiaga alisema asante Wambua, mama angefurahi. Afadhali angenitukana.

Aliyesafiri ni Haron. Alirudi mwezi wa nane, na alinieleza yote tukiwa tumeketi pale Adams Arcade tunakula mahindi ya kuchoma. Jabali nimeliona kwenye broshua aliyoniletea, yenye karatasi inayong'aa hata unaweza kunyolea. Hapo ndipo nilipotafuta kedi kwenye picha, ukurasa kwa ukurasa, nikamkosa.

Mlipoandika kuuliza nimefikaje, ningesema ukweli siku hiyo, mngecheka wiki moja yakaisha. Lakini nilijua kanisa limeniombea, nikaona haya. Wazee wa kina Muli walipouliza, nikasema Wazungu wamenizuia kidogo. Walipouliza tena, nikasema bado kiwanja kimoja. Hata leo nilianza barua hii nikiwa na mpango wa kuomba mwezi mwingine, na stempu ya Kenya ningesema imebandikwa na mtu wa klabu aliyerudi kabla yangu. Ila nilipofika pale pa kuandika habari ya mzee na kidole chake kikihesabu, kalamu ilikataa. Yeye aliitupa Ulaya nzima kwa kitu ambacho hakuna aliyekiona. Mimi nilikuwa tayari kumpotezea Kanyiva nyumba yake ili nisichekwe.

Siichani barua hii. Isome yote mbele ya Mwaitu, na mbele ya wazee wale ikibidi. Waambie waje Jumamosi hiyo ya ishirini na nne. Mimi nitafika Ijumaa, nitoe koti la baba sandukuni, na asubuhi nitasimama mlangoni. Wakitaka kunicheka kwanza ndipo watoe mbuzi, wacheke, nitangoja wamalize.

Mpe Kanyiva salamu, umwambie kaka yake anaomba asimwangalie usoni siku ya kwanza. Mpake Mwaitu dawa ya goti kwa niaba yangu. Katekista mwambie nitamfunga fahali mwenyewe.

Ni mimi kaka yenu,

Wambua Kivuva
Kinoo

Hapo juu kabisa nilipoandika Ureno, futa. Nilidanganya. Sijawahi kupanda ndege.