Koti Lako Kwenye Karatasi ya Mgombea

Baba Neema,

Salamu siandiki, maana huko uliko sijui wanasalimiana vipi, na huku nilipo sina amani ya kukugawia. Nakuandikia kwa sababu nina hasira, na wewe ndiye uliyekuwa ukizisikiliza hasira zangu mpaka mwisho bila kunikatiza. Neema nikimwambia ananijibu kwa Kiingereza kwamba niyaache, kisha anafunga mlango wa chumba chake.

Theluji ya kwanza ilianguka jana. Ilinitoa nje na koleo lako mkononi, nikasimama pale pale ulipoangukia mwezi wa pili. Unapajua: mbele ya nyumba ya Bibi Doris, si upande wetu. Misimu sita ya baridi ulimsafishia njia yule bibi wa kizungu kabla hujagusa yetu. Nikinung'unika unaniambia, "Mama Neema, heri jirani wa karibu kuliko ndugu aliye mbali." Haya. Jirani wa karibu ndiye aliyeita gari la wagonjwa, likaja wewe umeshaondoka. Siku ya mazishi alituletea makaroni ya kuoka kwenye bakuli la kioo, jina lake limeandikwa kwenye utepe chini ya bakuli. Alilia sana. Nilimwona, na sisemi kwamba alijifanya.

Sasa sikiliza yaliyofuata.

Mwezi wa kumi wagombea walianza kututumia karatasi zao za kampeni. Unakumbuka ulivyozipenda, ukizisoma mezani na kalamu mkononi kama mwalimu anayesahihisha madaftari. "Wenzetu siasa zao ni za hoja," ukasema, na mimi nikakutania kwamba siku moja watakupa ubalozi wa nyumba kumi huku ughaibuni, hapa Columbia Heights. Basi ikaja karatasi ya yule aliyetaka kuingia bunge la jimbo. Picha kubwa ya kituo chetu cha basi, imetiwa giza kidogo. Mtu mweusi amesimama peke yake, kofia ya koti imemfunika uso. Chini wameandika: "Mtaa wetu unabadilika. Bado unajisikia salama?"

Nilikuwa naitupa ndipo nikaona kiraka. Kwenye kiwiko cha kushoto, kipande cha kitenge changu cha kijani, nilichokushonea koti lilipochanika kwenye ua wa waya na nyumbani hatukuwa na kitambaa cha kahawia. Mfuko wa chakula umeuweka katikati ya miguu, kama kawaida yako. Ni wewe, Baba Neema. Unasubiri basi uende maabara kupima maji ya jiji, maji yale yale wanayochemshia kahawa yao, nao wamekufanya jambazi. Nilikaa chini kwenye sakafu ya jikoni.

Nikapiga simu ofisini kwake. Kijana mmoja mwenye adabu sana akanipa pole ya msiba, halafu akasema uso hauonekani, kwa hiyo hakuna mtu aliyetajwa, na habari za rangi hawajazigusa popote. Kweli hawajazigusa. Huo ndio ufundi wao, na wewe na shahada zako mbili hukuuona. Ulisema ubaguzi ni wa kule majimbo ya kusini, huku kwetu watu ni wapole. Ni wapole, ndiyo. Wanawatia wazee hofu kwa picha yako, kwa upole kabisa, kisha wanaomba kura.

Wiki ile ile Bibi Doris akachomeka bango la mgombea huyo kwenye majani ya mbele ya nyumba yake.

Bakuli lake lilikuwa bado kabatini. Kwetu chombo cha jirani hakirudi kitupu, na tangu mazishi sikuwa na nguvu za kupika cha kukijaza. Siku ile nikapata cha kutia. Niliiweka karatasi ndani ya bakuli, nikalibeba koti lako begani, nikaenda kugonga. Akafungua akitabasamu, akanikaribisha mezani. Nikamwekea kiwiko cha koti kando ya picha, kiraka kwa kiraka. Aliangalia koti, akaangalia picha. Kisha akasema, "Lakini mumeo hakuwa kama wao." Nikamuuliza wao ni nani, maana kwenye picha yuko mtu mmoja tu. Nikaliacha bakuli mezani kwake, nikaondoka. Nilitegemea, Mungu anisamehe ujinga wangu, kwamba kesho yake nitakuta bango limeng'olewa. Lilikaa mpaka siku ya kura, na mtu wake akashinda.

Yule mgombea hanisumbui kiasi hicho. Simjui, hajawahi kula kwangu. Huyu bibi alikulilia machozi ya kweli, kisha akaenda kupiga kura ya kukuogopa. Hilo ndilo limenikaa kooni mpaka leo.

Jana nilisafisha njia yetu kwanza. Halafu nikaendelea mpaka kwake, mazoea yako yamenishika, sijui. Nilipofika pale ulipoangukia nikasimama. Alikuwa dirishani, ameshika pazia. Najua ungeniambia nimalizie. Nimekataa, Baba Neema. Njia yake imebaki nusu.

Ile barua ya kukuita kwenye usaili wa uraia ilifika wiki mbili baada ya kukuzika, jina lako limeandikwa vizuri bila kosa. Nimeomba mimi sasa. Kanisani waliniambia koti lako nilitoe kwa wahitaji. Silitoi. Leo asubuhi nimelivaa mwenyewe, linanifika magotini, nikasimama kituoni pale pale. Kofia nimeishusha mabegani, baridi inanikata masikio, mwenye kutaka kuniona uso anione. Nakuahidi siku ya kuapa uraia nitalivaa, hata kama ni mwezi wa saba na jua linawaka, na kura ile uliyoisubiri miaka yote nitaipiga nikiwa nimelivaa, na kiraka sikibandui.

Lala, mume wangu. Koleo nimelirudisha upande wetu.

Mama Neema