Siku Moja ya Kufunga Lango

Kwa kaka yangu mpendwa Rowland,

Salamu nyingi kutoka nyumbani Wennock. Natumai hujambo huko kambini na kikohozi kimekuachia. Sisi tu wazima wa mwili. Roho ndizo zinazochemka.

Kaka, tumeshindwa. Lango la ngome lina kufuli jipya, na Bibi akienda kanisani kwenye kaburi la Babu hupita barabara kuu, malori yakimrushia matope. Ngome ile ilijengwa na askari wa farasi, ikaporwa na mfalme, ikapotezwa kwenye kamari, ikarithiwa na wajane. Wote hao walituacha tukatize uani kwenda kanisani. Sasa kainunua Bwana Strickland, muuza makochi, naye anasema uani kwake si njia.

Tulikwenda mbele ya mkaguzi wa serikali anayeamua kesi za njia, tukijiamini. Sheria inasema watu wakipita miaka ishirini bila kuzuiwa, njia ni yao. Wazee kumi na mmoja waliapa kwamba hawakuzuiwa hata siku moja. Ndipo wakili wa Strickland akasoma karatasi: kila mwaka, Jumatatu ya kwanza ya Februari, lango lilifungwa kutwa. Mkaguzi akasema siku hiyo moja inatosha kuonyesha kwamba tulipita kwa hisani ya mwenye ngome, si kwa haki.

Dilys mwoka mikate alipiga kelele kwamba wafalme walishindwa kutufungia, leo muuza makochi kaweza! Kisha akamgeukia mzee Onions, mtunza bustani wa ngome, akidhani ndiye aliyetoa siri, akamwuliza kama kochi alilohongwa ni la watu wawili au watatu. Tangu hapo mzee wa watu akiingia dukani wote kimya. Hata Bibi hamsalimii.

Namchukia Strickland. Naichukia sheria inayomsaidia. Lakini, kaka, karatasi ile ni yangu. Ni insha yangu ya historia, ile iliyopata tuzo ikabandikwa maktaba. Niliandika kwa fahari jinsi Babu, mlinda lango, hadi mwaka aliofariki, alivyolifunga siku hiyo kwa amri ya mwenye ngome, akakaa nyuma ya lango na birika la chai, akitania: “Rudi nyumbani, Dilys, leo mfalme ni mimi!” Wenzake walicheka, wakasahau. Mimi nikaandika.

Jina langu halikusomwa. Nilikaa mstari wa nyuma, nikanyamaza.

Kesho nikitoka shule nitakwenda kwa mzee Onions kwanza, kisha nimwambie Bibi. Mama anakusalimu sana. Ukipata ruhusa, njoo Jumapili. Bibi atahitaji mkono wa kushika barabarani, na sijui kama atautaka wangu.

Mdogo wako,
Hester