Daftari la Maneno Mawili Mawili

Ruiru, Jumapili, Julai 1954

Manyunyu tangu alfajiri, na baridi inayopenya hadi mifupani. Kambi nzima ya wafanyakazi imekwenda kanisani. Mimi nimebaki. Nilimwambia mke wangu kichwa kinaniuma, naye akafunga kitambaa chake, akaondoka na watoto.

Kichwa hakiniumi. Naogopa kuonana na Nyambura.

Wacha niandike mambo yalivyokuwa, maana tangu Alhamisi nimekuwa nikijisimulia kwa namna inayonipendeza.

Mimi ni karani wa shamba hili la kahawa. Tangu Hali ya Hatari itangazwe nimefanywa pia mkalimani. Kila Jumatatu na Alhamisi napewa pasi ya kusafiria, nakwenda Thika, kwenye hema wanamochuja watu wajue nani amekula kiapo cha watu wa msituni na nani hajala. Afisa anauliza kwa Kiingereza, nageuza. Mtu anajibu, nageuza tena na kuandika. Naona haya kukiri, lakini nilijivunia kazi hiyo. Nilikuwa hata nikipiga pasi kola yangu usiku wa kuamkia siku hizo.

Njoroge, mume wa Nyambura, kazi yake ni kugeuza kahawa kwenye meza za kuanikia. Mwaka jana alinijia akasema, "Mwalimu, nifundishe Kiingereza. Nataka siku moja niseme mwenyewe, nisisemewe." Neno mwalimu lilikuwa utani. Nililipenda kuliko ilivyofaa.

Tukawa tunakaa nyuma ya stoo kila saa ya chakula cha mchana. Njia yangu ya kufundisha ni moja tu: maneno mawili mawili, yale ambayo mgeni wa lugha huyachanganya. Borrow na lend, jembe ni lile lile, ila mmoja anaondoka nalo na mwingine anabaki akilingoja. Hear ni sikio tu, lori likipita utalisikia hata usipotaka. Listen ni kutega sikio kwa hiari yako. House ni kuta na bati, home ni pale wanapokuuliza mbona umechelewa. Hiyo ilimchekesha sana. "Basi hapa kwa bwana tuna house tu," akasema.

Juu ya kila ukurasa wa daftari lake niliandika jozi kwa mkono wangu, na mstari katikati. Yeye aliinakili chini yake mara kumi.

Jumatano askari walipekua nyumba zetu. Daftari walilikuta ndani ya debe la unga, alimoliweka Njoroge ili panya wasilitafune. Nani angeamini habari za panya wakati kama huu?

Alhamisi akaletwa hemani. Nilipoanza kugeuza swali la kwanza, aliniinulia mkono kwa upole, akamwambia afisa kwa Kiingereza kilichonyooka kwamba anaweza kujisemea. Na mimi, mjinga mimi, kwa dakika moja nilifurahi. Hakukosea neno hata moja.

Afisa akaweka kalamu chini. Mwanika kahawa anayezungumza hivyo, kwao si mwanika kahawa tena, ni kiongozi wa wengine. Mimi nililijua hilo. Nimeona wangapi hemani wakijifanya hawajui hata kusema yes. Nilimfundisha Njoroge lugha mwaka mzima, na sikumwambia hata siku moja kwamba kuna mahali pa kuificha.

Kisha daftari likafunguliwa. Afisa akasoma kwa sauti: bring, take. Come, go. Hear, listen. Akataka kuambiwa bring ni bunduki au ni risasi, na huyo listen ni nani. Aliamini kabisa kwamba ni maneno ya siri ya watu wa msituni. Njoroge akaeleza, na jinsi alivyozidi kueleza vizuri ndivyo afisa alivyozidi kutoamini. Mwishowe akanigeukia mimi. Karani, umewahi kuliona daftari hili?

"No, sir," nikasema.

Mwandiko wangu ulikuwa pale mezani mara mbili: kwenye daftari, na kwenye karatasi ya ushahidi niliyokuwa nikiandika. Ile g yangu yenye mkia mrefu. Afisa hakuiona. Njoroge aliiona. Aliniangalia mara moja, halafu akasema amejifundisha mwenyewe kwa magazeti yanayofungiwa sukari dukani.

Keshokutwa Njoroge na wenzake watapakiwa kwenye lori kwenda kambi ya kizuizini ya mbali. Kila mtu na blanketi moja.

Jana Nyambura alikuja na nduma kwenye kikapu. "Asante, Baba Kariuki," akasema. "Nimesikia ulikuwa karibu naye. Angalau alikuwa na mtu wake pale ndani." Akaniomba nimwandikie afisa barua ya Kiingereza, kwa kuwa najua maneno ya kuwapoza. Nikazipokea nduma. Tukazila. Watoto wakasema ni tamu.

Asubuhi hii nimeianza barua hiyo mara tatu. Kila nikifika kwenye daftari, lazima niseme ni la nani na nani alilianzisha. Nilifikiria hata kuipiga kwa mashine ya ofisini ili mwandiko usionekane. Ndiyo, nilifikiria hilo, tena nikiwa nimeshiba nduma zake.

Kuna jozi moja Njoroge aliniuliza wiki iliyopita, nikamwambia tutaifikia: reason na excuse. Nilimjibu kwamba zinakaribiana. Hazikaribiani. Reason ni ile iliyokusukuma kabla hujatenda. Excuse unaitafuta baadaye. Nimekuwa nikijiambia kwamba nilikana kwa ajili ya watoto wangu wawili. Lakini watoto niliwakumbuka njiani nikirudi. Pale mezani nilijikumbuka mimi peke yangu.

Nimeichana barua. Kesho Jumatatu ni zamu yangu hemani, na pasi ninayo.

Wamerudi kutoka kanisani. Nimemwambia mke wangu asiniwekee chakula cha mchana kesho. Ameniuliza nitakula wapi.

Nimemwomba anitolee blanketi moja, lile zito.